Pazia la Kibandani na Pazia la Kasubi

Filamu ya mafumbo ya kidini husimama juu ya ahadi moja: kwamba chini ya dini inayojulikana na kila mtu limefukiwa jambo wasilolijua, na kwamba kabla watazamaji hawajainuka vitini jambo hilo litafukuliwa. Anayefukua huwa msomi aliyeingia kwenye balaa bila kupenda. Anayezuia huwa chama chenye viapo, alama na watu wake ndani ya serikali na makanisa. Kati yao pana maiti, na kando ya maiti pana maandishi ya kufumbuliwa. Mfano unaojulikana zaidi ni The Da Vinci Code, filamu iliyoongozwa na Ron Howard na kuanza kuonyeshwa Mei 2006, kutokana na riwaya ya Dan Brown ya mwaka 2003. Msimamizi wa jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris anauawa usiku. Profesa Robert Langdon, anayeigizwa na Tom Hanks, anaitwa kusoma alama alizoziacha marehemu. Kutoka hapo mlango mmoja hufungua mwingine, kupitia London hadi Scotland, mpaka linapofikiwa dai kwamba Yesu alimwoa Maria Magdalena na kwamba uzao wao ungali hai.

Kampala ni mahali pazuri pa kuitafakari filamu ya namna hii, kwa sababu dini zake zimekaa juu ya vilima, mbele ya macho ya wote. Rubaga ni kilima cha Wakatoliki, Namirembe cha Waanglikana, Kibuli cha Waislamu, na juu ya Kampala ya Kale umesimama msikiti mkubwa wa taifa. Kikaya lipo hekalu la Wabahai lililofunguliwa mwaka 1961. Mgeni aliyepotea huelekezwa kwa minara na makuba. Hata hivyo, mji huo huo una milango yake iliyofungwa, na umewahi kulipa gharama ya kutoijua vizuri milango hiyo.

Kiswahili kina maneno matatu yanayofaa kuongoza tafakari hii. Siri ni jambo ambalo anayelijua hataki wengine walijue. Fumbo ni jambo lililosemwa mbele ya watu wote, ila limefungwa kwa maneno, na mwerevu hulifungua. Sitara ni kifuniko cha heshima: kila mtu anajua kilichopo nyuma yake, na kila mtu anakubali kutochungulia. Filamu huyachanganya yote matatu na kuyaita siri. Historia ya Kampala huyatenganisha, na faida kubwa anayoweza kuipata mtazamaji ni kujifunza kuyatenganisha.

Kwa wakazi wengi wa mitaa ya Kampala, filamu za kigeni ziliingia kwa mlango wa kibanda. Dar es Salaam ukumbi wa namna hii huitwa kibanda umiza. Waganda husema kibanda tu, na wingi wake ni bibanda. Kuta ni za mbao, paa ni la bati, na mlangoni hutundikwa pazia zito la kuzuia jua. Nje husimamishwa ubao mweusi wenye ratiba ya siku iliyoandikwa kwa chaki. Ndani, mabenchi hupangwa hadi karibu kabisa na runinga, na watu hukaa wamebanana mabega. Kinachokitofautisha kibanda na ukumbi wa sinema wa katikati ya mji ni sauti ya mtu mmoja mwenye maiki, anayeitwa VJ. Yeye huishusha sauti ya filamu wahusika wanapoongea, akafasiri kwa Kiganda, akaeleza, akaonya, akatia methali. Risasi zinapoanza huirudishia filamu sauti yake. Majina kama VJ Jingo na VJ Junior yamekuwa maarufu kuliko ya waigizaji wengi, na tamasha la filamu la Amakula, lililoanzishwa Kampala mwaka 2004, liliwahi kuwashindanisha mabingwa wa kazi hii jukwaani. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, na Kenya ina DJ Afro, wote wakisimulia kwa Kiswahili.

Filamu ya jamii za siri ni mtihani mgumu kwa msimulizi wa aina hii. Filamu ya ngumi hujieleza yenyewe. Filamu ya mafumbo imeficha utamu wake ndani ya herufi. Hadithi ya The Da Vinci Code inataka mtazamaji aamini kwamba maneno ya kale San Greal, yaani kikombe kitakatifu, yalikatwa vibaya, na kwamba yakikatwa herufi moja mbele huwa Sang Real, damu ya kifalme. Kwa Kiganda hakuna mkato utakaozaa maana hizo mbili, na kwa Kiswahili hakuna pia. Hapo msimulizi hulazimika kuacha kufasiri na kuanza kufundisha: nini kikombe hicho, nani alikitafuta, kwa nini damu ya mfalme iogopwe kiasi cha watu kuuana. Fumbo lililotungwa ili lifunguliwe na mtu mmoja mwenye elimu ya chuo kikuu hufunguliwa kwa sauti mbele ya wauza nyanya na waendesha bodaboda, wote kwa pamoja.

Tena baadhi ya mambo ambayo filamu inayaona ya ajabu hayawezi kumshtua Mganda. Kashfa yote ya hadithi inategemea wazo kwamba ukoo wa mfalme unaweza kupita kwa mwanamke. Buganda, mtu wa kawaida hufuata ukoo wa baba, lakini Kabaka, yaani mfalme, kwa desturi huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na mama wa Kabaka, Namasole, ana cheo na heshima yake. Hata mchoro wa Leonardo da Vinci si mgeni. Karamu ya Mwisho ilichorwa kati ya 1495 na 1498 kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa mjini Milan, lakini nakala zake zimetundikwa katika sebule nyingi za Wakatoliki wa Afrika Mashariki, juu ya kabati la vyombo au kando ya kalenda ya parokia. Filamu inaposema kwamba anayekaa kuumeni kwa Yesu ni Magdalena na siyo Yohana kijana asiye na ndevu, inagusa picha ambayo mtazamaji amekula chakula mbele yake tangu utotoni.

Sanaa ya kusimama na maiki kati ya maneno ya kigeni na umati wa watu haikuanzia kibandani. Katika makanisa mengi ya kilokole mjini Kampala mhubiri husema kwa Kiingereza, na mkalimani aliyesimama ubavuni pake hurudia kila sentensi kwa Kiganda, kwa sauti ile ile na mikono ile ile. Jengo lililokuwa sinema ya Norman, lililotokana na Norman Godinho, mfanyabiashara wa Kigoa, liligeuka kuwa kanisa la Kampala Pentecostal Church, lililoanzishwa mwaka 1984 na ambalo leo linaitwa Watoto. Palipowekwa pazia la filamu pakawekwa mimbari. Nyuma zaidi, mwaka 1875, Henry Morton Stanley alipoondoka Buganda alimwacha katika kasri la Kabaka Mutesa wa Kwanza kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Kiingereza Zanzibar. Kazi yake ilikuwa kumfasiria mfalme Maandiko, na lugha iliyobeba kazi hiyo ilikuwa Kiswahili. Ukristo wa Buganda, basi, tangu siku zake za mwanzo uliingia kwa mkalimani, mbele ya baraza, watu wakisikiliza na kubishana. Mji uliozaliwa hivyo hauoni ajabu kwamba maneno matakatifu yanahitaji mtu wa kuyafungua. Ambacho ungekiona cha ajabu ni kuyafungua peke yako, usiku, ndani ya jumba la makumbusho.

Madai yenyewe ya filamu yanastahili kupimwa, kwa kuwa hutolewa kwa sauti ya mtu anayejua. Chama cha Priory of Sion, ambacho filamu inakitaja kuwa cha karne nyingi, kilisajiliwa Ufaransa mwaka 1956 na mtu aitwaye Pierre Plantard, na nyaraka za kukizeesha zilighushiwa na kuingizwa katika maktaba ya taifa mjini Paris. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 haukukaa kumgeuza nabii kuwa Mungu kwa kura. Wakristo walikuwa wakimwabudu Kristo muda mrefu kabla yake, na mjadala na padri Ario ulihusu jinsi Mwana anavyolingana na Baba. Opus Dei, shirika la Kikatoliki ambalo filamu inalipa mtawa muuaji, haina watawa. Ilianzishwa Madrid mwaka 1928, na wengi wa watu wake ni walei wenye kazi zao. Afrika Mashariki inawajua kwa kazi ya elimu: chuo cha Strathmore kilichoanza Nairobi mwaka 1961, leo chuo kikuu, kilitokana na wao. Mtu anaweza kuwa na maswali kuhusu shirika hilo, kama alivyo na haki ya kuuliza juu ya shirika lolote la dini, lakini maswali hayo huulizwa mlangoni mchana.

Jambo moja katika filamu hiyo huumiza zaidi katika sehemu hii ya dunia. Mtawa muuaji, Silas, ameonyeshwa kuwa mtu mwenye ualbino, na weupe wa ngozi yake umetumiwa kama dalili ya kuogofya. Wakati filamu hiyo ikizunguka duniani, katika kanda ya Ziwa Victoria upande wa Tanzania watu wenye ualbino walikuwa wakiwindwa na kuuawa kwa sababu ya waganga waliohubiri kwamba viungo vyao huleta utajiri. Katika filamu mwenye ualbino ndiye tishio. Katika maisha halisi yeye ndiye aliyehitaji kufungiwa mlango na kulindwa usiku. Msanii akichagua sura ya kumvika mwovu, hajui ni katika nchi gani sura hiyo itatazamwa, na uchaguzi wake hauwezi kuwa jambo dogo.

Mauaji hayo yanaonyesha pia hofu ya Afrika Mashariki inakaa wapi. Katika filamu za Hollywood chama cha siri huficha elimu: hati, tarehe, jina la mtoto. Katika filamu za Nigeria, ambazo nazo zimefasiriwa sana vibandani, chama cha siri huficha chanzo cha mali. Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyofungua njia ya sinema ya video ya Nigeria, inamhusu mume anayemtoa mke wake kafara ili atajirike, kisha kivuli cha marehemu kikamwandama hadi fedha zikawa mateso. Swali la Langdon ni: ukweli ni upi? Swali la sebule za Kampala, mbele ya jirani aliyejenga ghorofa kwa miaka miwili, ni: fedha hizi zimetoka wapi?

Ndiyo maana jina la Illuminati limepata maisha mapya mjini. Kundi halisi la jina hilo liliundwa na Adam Weishaupt, mwalimu wa sheria wa Ingolstadt, Bavaria, tarehe 1 Mei 1776, na kufikia 1785 amri za mtawala wa Bavaria zilikuwa zimelipiga marufuku. Lilidumu chini ya miaka kumi. Katika Kampala ya leo jina hilo huhubiriwa madhabahuni, hutajwa kila msanii anaponunua gari jipya, na huuzwa kwenye mitandao na matapeli wanaomwalika mtu ajiunge kwa ada, atume fedha kwa simu, asubiri utajiri. Wanaotapeliwa huona haya kushtaki, kwa kuwa watalazimika kusema walichokuwa wakikitafuta. Tanzania ilipitia hali kama hiyo juu ya Wafrimasoni. Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa aliyekulia Bukene, Tabora, na aliyewaongoza Wafrimasoni wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, alieleza uanachama wake waziwazi na kuutaja katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 2005. Hata hivyo uvumi haukupungua. Mtu anayetafuta siri haridhiki kuonyeshwa mlango ulio wazi. Hudhani upo mwingine nyuma yake.

Hapa ndipo historia ya Kampala inapodai nafasi yake, na kisa cha kwanza ni Namugongo. Kwa Kiganda neno okusoma lina maana mbili, kusoma kitabu na kusali, na waumini wa kwanza waliitwa wasomaji. Katika kasri la Kabaka Mwanga, baada ya Askofu Hannington kuuawa Busoga Oktoba 1885, wasomaji walikutana usiku, wakanong'ona sala na kubatizana gizani. Kwa macho ya mfalme aliyeona wazungu wakijongea kutoka pwani, hicho kilikuwa chama cha siri ndani ya nyumba yake: vijana watumishi wake mwenyewe, wenye maneno yao, wanaomtii mfalme mwingine. Tarehe 3 Juni 1886 Karoli Lwanga na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto Namugongo. Miaka kumi hivi kabla yao, vijana Waislamu wapatao 70 waliuawa kwa amri ya Mutesa, kwa kukataa nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa. Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu mwaka 1964, na kila Juni mahujaji hutembea kwa miguu hadi Namugongo kutoka pande zote za Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Waliokuwa wakijificha walifanya hivyo kwa kuwa walikuwa dhaifu. Filamu haina nafasi kwa watu hao, kwa sababu katika filamu anayejificha daima ndiye mwenye nguvu.

Kisa cha pili ni kinyume chake. Kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, lililoanzishwa na Credonia Mwerinde na Joseph Kibwetere kusini magharibi mwa Uganda, halikuwa na mapango wala alama za kufumbua. Lilikuwa limesajiliwa kisheria. Lilikuwa na shule, mashamba, na kitabu kilichotangaza ujumbe wake. Miongoni mwa viongozi alikuwemo padri msomi, Dominic Kataribabo. Waumini waliuza mali zao na kuzikabidhi. Waliacha kuongea, wakawasiliana kwa ishara, wakiogopa kuvunja amri kwa ulimi. Tarehe 17 Machi 2000 mamia yao, wakiwemo watoto wengi, waliteketea ndani ya jengo la ibada huko Kanungu, milango na madirisha yakiwa yamepigiliwa. Wiki zilizofuata maiti nyingi zilifukuliwa katika nyumba nyingine za kundi hilo, mojawapo ikiwa Buziga, kilima cha Kampala chenye nyumba nzuri na majirani wenye kwenda kazini kila asubuhi. Waliopaswa kuwalinda watu hao walikuwa na karatasi zote za kundi mezani. Kilichokosekana hakikuwa msomi wa kufumbua alama. Alikosekana mtu wa kuuliza mambo mepesi: kwa nini watu hawa hawasemi, mali yao imekwenda wapi, na je, anayetaka kuondoka anaweza?

Maswali hayo matatu ni kipimo bora kuliko vyote ambavyo filamu imewahi kufundisha. Wasomaji wa Namugongo walikuwa huru kuondoka. Ilitosha kukana, na waliokataa kukana walijua wanachokichagua. Waumini wa Kanungu walikuwa wamekwisha kunyang'anywa sauti na mali kabla mlango haujapigiliwa. Anayekipima kikundi kwa kiasi cha mambo kinachoyaficha atawashuku wa kwanza na kuwapita wa pili.

Kisa cha tatu hakina damu. Juu ya kilima cha Kasubi, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji, ipo nyumba kubwa ya nyasi iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, iliyojengwa mwaka 1882 kama kasri la Mutesa wa Kwanza na kuwa kaburi lake alipofariki mwaka 1884. Wamelazwa humo pia Mwanga, Daudi Chwa na Mutesa wa Pili. Nyumba hiyo iliteketea Machi 2010, ikajengwa upya kwa ufundi wa koo zenye kazi hiyo, na mwaka 2023 UNESCO iliitoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Anayeingia huvua viatu na kukaa juu ya mkeka. Akitazama juu huona pete za nyasi zilizosukwa kuzunguka dari, 52, kwa hesabu ya koo za Buganda. Akitazama mbele huona pazia la nguo ya gome la mti, rangi ya udongo mwekundu. Nyuma ya pazia upo msitu mtakatifu, kibira, ambako husemwa kwamba makabaka hawakufa ila wametoweka. Walioruhusiwa kuvuka ni wachache, nao hawasimulii.

Hakuna anayelipishwa kwa kutojua, wala anayezuiwa kutoka. Kila mtoto wa Kampala anaweza kuambiwa nani wamelala pale. Pazia halifichi habari. Linaweka umbali, na umbali huo ndio heshima yenyewe. Hiyo ni sitara, na dini zote za vilimani zinazo: mahali patakatifu nyuma ya altare, maungamo yasiyorudiwa, dua inayoombwa kimya. Mtu anayezidhania zote kuwa siri ataingia kila nyumba akiwa na nyundo mkononi.

The Da Vinci Code yenyewe, baada ya saa mbili na nusu za kuvunja makufuli, humalizikia mahali pa namna hiyo. Langdon anarudi Louvre usiku na kung'amua kwamba kaburi alilolitafuta lipo chini ya kioo anachokikanyaga. Kamera inashuka kumwonyesha mtazamaji jeneza la jiwe, lakini Langdon haiti wachimbaji wala polisi. Anapiga magoti juu ya sakafu iliyofungwa, akabaki hapo. Kwa mtazamaji aliyewahi kuvua viatu Kasubi na kukaa mkekani mbele ya pazia la gome, tendo hilo halihitaji VJ wa kulifasiri.